Vuta N'kuvute: aliyeitazama bila kusoma riwaya ameielewa?

Msomaji wa Kidato cha Tano (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hivi karibuni nilipata nafasi ya kuitazama filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji na kuoneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na tangu hapo nimekuwa nikibishana na mwenzangu wa nyumbani. Mimi niliisoma riwaya ya Adam Shafi shuleni, ilipokuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo niliketi mbele ya skrini nikiwa na watu wote wa kitabu kichwani: Yasmin aliyeozwa akiwa msichana mdogo kwa Bwana Raza, Mwajuma wa Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida wa mjini Unguja, aliyempokea bila masharti, Denge aliyerudi kutoka masomoni Urusi, na lile kundi la akina Mambo na Sukutua wanaopanga mambo yao usiku huku askari wa Inspekta Wright wakiwafuata unyounyo. Mwenzangu hakuwahi kuifungua riwaya hiyo.

Filamu ni nzuri machoni, na hilo sibishani na mtu. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga wa taa ukutani, muziki unaoingia taratibu, vyote vimefanywa na mtu anayeijua kazi yake. Linalonisumbua ni siasa. Katika riwaya msomaji anaoneshwa jinsi harakati za kudai uhuru zinavyofanyika hasa: nani anapeleka karatasi wapi, nani anaaminika, nani anauza wenzake, na kwa nini kijana aliyesoma anakubali kulala njaa wakati angeweza kupata kazi ya serikali. Katika filamu Denge tunamwona zaidi akipendwa na akiteswa kuliko akifanya kazi ya siasa, na kwa maoni yangu mtu asiyesoma kitabu anaweza kutoka pale akidhani ameangalia hadithi ya mapenzi iliyoingiliwa na polisi.

Mwenzangu anasema ninalilia kurasa zangu. Naomba maoni yenu, hasa ninyi mlioitazama bila kuisoma. Na kama mmetazama filamu nyingine ya kwetu inayosimama yenyewe bila kuegemea kitabu, itajeni tuipime pamoja.

Mkaazi wa Darajani

Waalaykum salaam, ndugu mleta mada. Mimi ni mtu wa Unguja, riwaya nimeisoma, filamu nimeitazama, na nitamtetea mwongozaji, ingawa si kwa kila jambo.

Filamu ina dakika zipatazo 90. Riwaya inamtoa Yasmin Unguja, inampeleka Mombasa, inamrudisha, na mwisho wake inamwoza tena kwa mume mwingine huku Denge akiwa amekwenda mbali. Kuyabeba yote hayo kungehitaji tamthilia ya vipindi vingi, si filamu. Shivji amemchagua Yasmin awe macho yetu, na akishakuchagulia macho, utaona kile tu ambacho mtu huyo anaweza kukiona. Yasmin hakai kwenye mikutano ya akina Denge. Yeye anaona mtu anayeingia usiku na kutoka alfajiri, na siku moja hatoki tena. Kumwonesha mtazamaji zaidi ya hapo kungemnyang'anya Yasmin filamu yake.

Pili, mleta mada, umesema siasa imepungua, nami nadhani umeitafuta mahali pasipo pake. Siasa ya filamu ile iko katika hatua za miguu. Wakati ule mji ulikuwa umegawanywa na mkono wa bahari. Upande mmoja nyumba za mawe, upande wa pili Ng'ambo, nyumba za udongo na makuti, na jina la mtaa ninaokaa linatokana na daraja lililounganisha pande hizo mbili. Msichana wa Kihindi kutoka duka la mumewe kuvuka kwenda kulala kwa Mwajuma lilikuwa tendo zito kuliko hotuba, kwa sababu serikali ya Waingereza ilisimama juu ya mpango wa kila kabila na mahali pake. Filamu imelielewa hilo vizuri sana, na ndiyo maana haihitaji mtu wa kulieleza kwa maneno.

Ninapokubaliana nawe ni kuhusu Ng'ambo yenyewe. Katika riwaya Ng'ambo ni dunia nzima, yenye kelele, majirani, deni la dukani na ngoma za usiku kucha. Katika filamu tunaipata kwa vipande, chumba hiki na uchochoro ule. Hata hivyo, kabla ya kumlaumu mwongozaji, mtu aende Michenzani akasimame. Yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yamepita katikati ya Ng'ambo ya zamani, na atakayetaka kuonesha mtaa wa miaka ya 1950 kwa upana wake hana pa kuiweka kamera. Mji Mkongwe umebaki, Ng'ambo ile imeondoka, na kwa mawazo yangu umbo la filamu limeamuliwa kwa sehemu na jambo hilo.

Nimalizie kwa Mwajuma. Siti Amina, ambaye wengi tunamfahamu kwa taarabu na udi, amemcheza bila kumwonea haya wala kumpamba. Mwanamke yule katika kitabu anacheka sana, na nilihofu kwamba filamu itamgeuza kuwa mchekeshaji. Haikufanya hivyo.

Mtazamaji Tu

Mimi ndiye unayemtafuta, mleta mada, kwani riwaya sijaisoma. Nilielewa kwamba Denge anapigania uhuru na kwamba Yasmin amekimbia ndoa asiyoitaka, na hayo yalinitosha kuifuata hadithi hadi mwisho. Nilichokosa ni wale rafiki zake Denge. Walipita mbele yangu nisiweze kuwatenganisha, na lilipomkuta jambo mmoja wao nililazimika kujiuliza ni nani. Sidhani kwamba hilo ni suala la siasa, mkubwa wangu. Ni suala la kumpa kila mtu tendo moja la kukumbukwa. Mapenzi niliyaamini kabisa, na sioni kwa nini hadithi ya mapenzi iliyoingiliwa na polisi iwe jambo dogo, kwa sababu kwa Yasmin ndivyo ukoloni ulivyomfikia.

Mwalimu wa Nakuru

Ndugu zangu wa Tanzania, nawasalimu. Kwa kuwa mleta mada ameomba filamu inayosimama yenyewe, mimi nilitazama tena Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, pamoja na wanafunzi wangu, na kwa maoni yangu ndiyo filamu ya Kenya iliyojengwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, ingawa najua wengi hapa kwetu wataitaja Nairobi Half Life kabla yake.

Hadithi yake ni fupi. Jo, msichana wa miaka tisa, ni mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na mama yake anamtoa hospitalini ili akae nyumbani siku zilizosalia. Jo anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu za ajabu, basi dada yake, Mwix, anaanza kumfanya aamini kwamba naye anazo, na hatimaye kijiji kizima kinaungana kutengeneza filamu ambamo yeye ndiye shujaa. Ukiisimulia hivyo inasikika kama hadithi ya kuwatoa watu machozi kwa nguvu, nami niliiogopa kwa sababu hiyo. Kinachoiokoa ni mama. Yeye hataki mchezo huo. Anataka mtoto apumzike, na filamu haimfanyi kuwa mtu mbaya kwa kutaka hivyo. Ugomvi kati yake na Mwix ni wa watu wawili wanaompenda mtoto mmoja, kila mmoja akiwa na haki, na wanafunzi wangu waligawanyika darasani kwa hoja ambazo sikuwafundisha.

Nilipenda pia kwamba kibanda cha video kimepewa heshima. Yule kijana anayeonesha filamu kijijini huku akizisimulia kwa maneno yake anafahamika na kila Mkenya aliyekua akimsikiliza DJ Afro, na ninaamini kwenu vibanda umiza vilikuwa na wasimuliaji wao.

Nairobi Half Life, ya mwaka 2012, ina mwigizaji bora, Joseph Wairimu, aliyeshinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Durban mwaka huohuo. Mwas anafika Nairobi akitaka kuigiza, anaporwa karibu mara tu anaposhuka, na kabla hajajua jiji linavyokwenda amekwisha kuwa ndani ya selo. Saa ya kwanza haina dosari. Baadaye risasi zinakuwa nyingi mno, na ninahisi filamu inasahau ukumbi wa maigizo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili.

Binti wa Kariakoo

Mwalimu, shikamoo. Kuhusu Nairobi Half Life sikubaliani nawe, kwa sababu risasi zile ndizo zinazoonesha gharama ya maisha mawili ya Mwas, ya jukwaani na ya genge la wahalifu. Bila hizo jukwaa lingekuwa njia rahisi ya kutokea. Kuhusu Supa Modo sina neno.

Ningependa kuongeza Binti, iliyoongozwa na Seko Shamte mwaka 2021, kwa kuwa tatizo lake ni kinyume cha lile la mleta mada. Inafuata maisha ya wanawake wanne wa Dar es Salaam: Tumaini mwenye duka na deni, Angel anayejiandaa kuolewa na mtu anayempiga, Stella anayetafuta mtoto, na Rose anayemlea mtoto mwenye mahitaji maalumu. Sehemu ya Rose ni nzuri kupita zote, na Godliver Gordian anaibeba kwa uso tu, hasa pale ambapo mwanamke anachoka na hana wa kumwambia kwamba amechoka. Lakini kila nilipoanza kumzoea mtu, hadithi ilihamia kwa mwingine. Vuta N'kuvute iliacha watu wengi ili kumpata mmoja. Binti imekataa kumwacha yeyote, nami nikabaki nikitaka kurudi kwa Rose.

Msomaji wa Kidato cha Tano (mleta mada)

Nawashukuru nyote. Mkaazi wa Darajani, hoja ya macho ya Yasmin imenipata, na mwenzangu ameisoma kwa sauti zaidi ya nilivyopenda. Bado nashikilia kwamba akina Mambo na Sukutua walistahili kutambulika, na Mtazamaji Tu amenipa ushahidi. Supa Modo nitaitafuta. Kuna yeyote anayeona kwamba riwaya nyingine ya Shafi inafaa kuwa filamu?

Mkaazi wa Darajani

Kuli, bila kusita. Huko huwezi kukata harakati ukabaki na hadithi, maana mgomo wa wachukuzi wa bandarini wa mwaka 1948 ndio hadithi yenyewe, na Rashidi, kijana mchukuzi ambaye ndiye mhusika mkuu, hana pa kwenda isipokuwa gatini. Kikwazo ni fedha: bandari iliyojaa meli za wakati ule, makontena yote yakiwa yamefichwa, na mamia ya watu wenye magunia mgongoni. Labda mwongozaji aanze na chumba cha Bi Mashavu, mama yake Rashidi, na sauti ya honi ya meli kutoka nje.