Kaktasi yangu imelainika shinani, inaokoleka? Niko Dodoma

binti_ilazo
Habarini wakuu. Nina kaktasi ile ndefu ya nguzo, yenye mbavu mbavu na miiba midogo ya kahawia, imefika usawa wa kiuno. Mama mdogo aliniachia alipohamishiwa kazi Mwanza na naipenda sana, kwa hiyo tafadhali msiniambie nitupe nikanunue nyingine. Iko kibarazani kwenye chungu cheupe cha kauri. Tangu baridi hii ya Juni ianze imekuwa ya njano kuanzia chini, na pale inapogusana na udongo ukibonyeza kidole kinazama, pamelainika kama nyanya iliyoiva kupitiliza. Juu bado kijani na ngumu. Wengine wananiambia ina kiu mana Dodoma kavu na upepo wake mnaujua, wengine wanasema maji yamezidi. Af kuna kitu cheupe kimeganda juu ya udongo, sijui ndo ugonjwa wenyewe. Nifanyeje jamani?

fundi_bustani
Pole dada. Acha maji kuanzia leo. Hicho chungu kina tundu chini?

binti_ilazo
Hakina kaka. Chini kuna kokoto, nadhani ziliwekwa ili maji yashukie huko.

fundi_bustani
Basi hapo ndo penyewe. Kokoto kwenye chungu kisicho na tundu hazisaidii kitu, maji yanatuama chini, udongo wa juu yake haukauki, mizizi inakosa hewa inaoza. Watu wengi huku wanaona Dodoma ni nusu jangwa basi kaktasi itajiendea yenyewe, wakati nje mvua ilishakata na vumbi tupu ila mle ndani ya kauri bado ni masika. Na kipindi hiki cha baridi inakunywa kidogo mno. Kinachochanganya ni kwamba mizizi ikishaoza haivuti tena maji, kwa hiyo juu panaanza kunywea na kujikunja kama yenye kiu, mtu anaona huruma anaongeza maji, ndo inaisha kabisa.

wa_kongwa
Mimi yangu chini imekuwa kahawia miaka sasa na iko hai. Usikimbilie kuikata.

fundi_bustani
Mkuu hiyo yako ni gamba la uzee, gumu na kavu, ukiligonga na kucha linalia, halina tatizo. Ya dada inabonyea. Rangi inaweza kukudanganya, bonyeza.

mama_zabibu
Mwanangu hiyo inaokoka kabisa mana juu ni kijani, ila usichelewe, uozo unapanda katikati ya shina kimyakimya huku ngozi ya nje inaonekana nzima. Chukua gazeti ulikunje liwe mkanda mnene, uzungushe kwenye shina ndo ushike hapo, miiba haitakuumiza. Kisu kikali ukifute na spiriti ya duka la dawa. Kata juu kabisa ya palipolainika halafu tazama ile nyama ya ndani, ukiona hata doa dogo la rangi ya chai kata tena kipande chembamba, na kila ukikata futa kisu upya, mana kisu chenye uozo kinaupandisha juu. Endelea mpaka ndani pawe peupe na kijani tupu, lile duara la katikati nalo liwe safi. Usiione huruma hapo, doa moja ukiliacha umefanya kazi bure. Halafu paka unga wa salfa, ile tunayotumia kwenye zabibu kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, iko maduka ya pembejeo. Ukikosa, acha pakavu tu.

Na ukikata yakatoka maziwa meupe, simama hapo hapo, hiyo ya nguzo ikitoa maziwa sio kaktasi, ni ndugu wa mnyaa, usijiguse macho, nawa kwa sabuni.

Hicho cheupe juu ya udongo ni chumvi ya maji, maji ya visima vya kwetu si unaona hata birika linaota ukoko. Ukiweza kinga ya mvua uihifadhie. Ila kagua katikati ya mbavu, ukikuta vipamba vyeupe vinavyonata hao ni wadudu, wafute na pamba yenye spiriti.

binti_ilazo
Shikamoo mama, asante sana. Nimekata jioni hii, maziwa hayakutoka. Kipande cha kwanza kilikuwa na doa katikati, cha pili likabaki dogo, cha tatu pako safi kabisa. Sa hivi naipanda?

mama_zabibu
Marahaba. Usipande! Ilaze au iegemeze kivulini penye hewa mpaka kidonda kikauke na kuwa kigumu kama ngozi. Shina nene kama lako na baridi hii hesabu wiki mbili mpaka nne. Itanywea kidogo, iache, ina maji yake ndani.

fundi_bustani
Ikikauka tafuta mchanga mnene wa korongoni, uchekeche utoe vumbi, changanya na chenga za kokoto na samadi kidogo iliyooza vizuri. Mchanga na chenga ndo viwe vingi. Panda juu juu tu, ifunge kwenye kijiti ulichochomeka pembeni isianguke, usimwagilie mpaka ukiivuta taratibu uone imeshika. Kipindi hicho isipigwe jua la saa sita, haina mizizi itaungua, ipeleke juani kidogo kidogo. Baadaye ukimwagilia mwaga mpaka yatoke chini, kisha usirudie hadi uchomeke kijiti cha mishikaki mpaka chini kabisa na kitoke kikavu. Udongo ule wa zamani tupa wote.

binti_ilazo
Na chungu? Kilikuwa cha mama mdogo, natamani irudi humo humo.

fundi_bustani
Kioshe kwa sabuni ukianike juani, mpelekee fundi wa vigae akitoboe kwa biti ya vigae, taratibu huku anamwagia maji kauri isipasuke. Mwambie matundu matatu.