Mliosomea saluni chuo, ada ilirudi? Tupeane uzoefu

Kishungi
Wadau habari zenu. Jana nilikuwa nashusha vitu juu ya kabati likaniangukia lile lidoli la kichwa tulilokuwa tunasukia chuo, nywele zimebaki upande mmoja, jicho moja limefutika, mwanangu akapiga kelele akakimbia. Nikacheka weee, halafu nikakumbuka deni, kicheko kikakata. Mimi wakati ule sikuwa nahesabu hela nilikuwa nahesabu vichwa. Nilichukua ada, vifaa, nauli na ile miezi tisa ya kukaa bila kuingiza chochote, nikagawanya kwa kile ninachoweza kuweka pembeni kwa kila rasta nikishatoa nusu ya bosi. Ikaja vichwa 312. Nikawa napiga mstari kwenye daftari kila mteja akiinuka kwenye kiti. Mstari wa 312 niliupiga mwaka wa pili mwezi wa nne, mteja mwenyewe alikuwa mgomvi balaa nikamkumbatia akashangaa. Nyie wenzangu ilikuwaje?

mama_draya
312 umepona shoga. Mimi daftari nilichana.

Fundi Asiye na Cheti
Sasa hapo ndo huwa siwaelewi. Mimi nimefagia nywele za watu kwa shangazi yangu mwaka mzima, naosha taulo, nafumua, naangalia mikono yake. Sidaiwi na mtu. Na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza cheti. Mnalipa ada ya nini jamani?

Kitana Cheupe
Hiyo sentensi ya hakuna mteja aliyewahi kuniuliza cheti na mimi niliisema kwa mdomo wangu huu, tena natafuna bigijii. Nilikuwa nimejifunzia saluni kama wewe kaka, mkono mwepesi, wateja wananifuata. Ijumaa moja akaja dada anataka ritachi, yaani kulainishwa nywele mpya zilizoota, anaolewa Jumapili. Nywele zake ndefu nzuri, nikaona hii kazi ya dakika chache. Sikumuuliza ameweka nini huko nyuma. Nikapaka dawa, nikaanza kulainisha na kitana, kitana kilikuwa cheupe, nikaona kinakuwa cheusi. Nikadhani mafuta. Kuangalia vizuri ni nywele, meno yote yamejaa, zinavutika kama uzi uliolowa. Nikamkimbiza kwenye sinki huku naongea mambo ya harusi asishtuke, nikafungulia maji, maji yakawa hayashuki, yanapanda tu, tundu limeziba. Naingiza mkono natoa bonge, naingiza tena natoa lingine naficha mfukoni mwa eproni. Na yeye amefumba macho ananiambia, dada mbona kichwa kimekuwa chepesi?

Nilinunua wigi kwa hela yangu, nikarudisha ya mekapu, na bosi akanikata mpaka nikasahau mshahara unafananaje. Baadaye nikajikusanya nikaenda chuo, wiki ya tatu tu mwalimu akaandika ubaoni kwamba dawa ya kalikiti, ile ya kukunja nywele ziwe za mawimbi, ni thioglikoleti, dawa nyingi za kulainisha ni haidroksaidi, hizo mbili hazikutani kwenye unywele mmoja, na kama huna uhakika kata nywele chache za kisogoni uzijaribie kwanza pembeni. Nilishika kichwa. Yule dada alikuwa na kalikiti ya zamani! Ile Ijumaa ilinila zaidi ya nusu ya ada ya kozi nzima.

mama_draya
MBONA KICHWA KIMEKUWA CHEPESI nimekufa mie

Bwana Mashine
Naomba kujua harusi ilifanyika au haikufanyika. Ya ada tutarudi baadaye.

Fundi Asiye na Cheti
Pole dada, lakini hilo si la chuo, ni la kumuuliza mteja. Shangazi alinifundisha kuuliza bila ubao. Tena wa vyeti ndo nimewaona wanaunguza watu ngozi.

Neema wa Rola
Usitupandie kichwani. Haya niambie, oksijeni, ile ya kuchanganyia blichi, ya voliam 40 ina peroksaidi asilimia ngapi?

Fundi Asiye na Cheti
12. Na ya 20 ni 6. Imeandikwa kwenye chupa mama, kusoma najua.

Bwana Mashine
Hahahaha Neema kaa chini.

Kucha Tatu
Mimi hasira yangu ni ada tunalipa halafu sisi ndo wafanyakazi. Chuo chetu, sikitaji, kilikuwa na saluni ya mazoezi, wateja wanakuja wanalipa, hela inaingia ofisini, sisi tunasuka bure na ada tunadaiwa. Mwezi wa kwanza wote tulikunja taulo. Kabla hujalipa kaa nje ya geti siku moja, waulize waliomaliza wako wapi, na uulize kwa wiki unagusa vichwa halisi vingapi. Wakikuonyesha ukumbi wa mahafali, ondoka.

Dada wa Ng'ambo
Inategemea na sheria ya ulipo pia. Huku Marekani kila jimbo lina masaa yake, New York ni 1000 ndo ukafanye mtihani wa leseni. Mikono ninayo toka nyumbani lakini bila karatasi hakuna saluni ya maana inayokupa kiti. Hapo ya shangazi haifui dafu.

mama_draya
Ukimaliza tu kodi kiti chako, kamisheni ni utumwa.

Kucha Tatu
Asikodi! Akodi kiti bila wateja? Kiti kinadai hata siku ya mvua. Abaki kwenye kamisheni mpaka wateja wamjue kwa jina, namba zao aandike kwenye simu yake mwenyewe sio ya saluni.

Neema wa Rola
Na anunue viatu vizuri. Hakuna aliyeniambia kuhusu mgongo. Kwenye hesabu ya vichwa 312 wekeni na mgongo.

Kishungi
Uzi wangu umetekwa lakini sawa. Kitana, harusi je?

Kitana Cheupe
Ilifanyika. Wigi lilimpendeza kuliko nywele. Bado ni mteja wangu, siku hizi anasuka tu, dawa hataki hata kuinusa, na kila akikaa lazima aniulize, leo unaninyoa?

Mgeni Saluni
Samahani dada Kishungi, shikamoo. Hicho kichwa cha mdoli unakiuza? Naanza chuo Jumatatu na vifaa vimenishinda.

Kishungi
Marahaba. Chukua bure, ila nywele ziko upande mmoja.

Mgeni Saluni
Nitajifunzia upande huo huo dada.