Mama anatetemeka mkono na kusahau: mstafeli, upupu, manjano na ginkgo, aendelee na kipi? (Moshi)

Kibosho_Juu
Wakuu, habari za jioni. Mama ana miaka 68. Mkono wa kulia unatetemeka akiwa amekaa tu, akishika kikombe unatulia. Hatua zimekuwa fupi na majina ya wajukuu anayachanganya. Ana presha, anatumia amlodipini na aspirini. Muuza dawa za asili pale Mbuyuni kampangia chai ya majani ya mstafeli kutwa mara mbili, unga wa mbegu za upupu, manjano kwenye maziwa na vidonge vya ginkgo. Anadai vyote ni mimea, havina madhara. Naomba ushauri.

Mfamasia_Majengo
Pole mkuu. Mstafeli aache leo hii. Majani na tunda vina anonasini, sumu inayozuia seli za ubongo kutengeneza nishati. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kutoka kisiwa cha Guadeloupe kundi kubwa la wagonjwa wenye dalili kama za Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemeko na mwili kukaza) ambao levodopa, dawa kuu ya ugonjwa huo, haikuwasaidia inavyotakiwa, na wengi walikuwa watu wa stafeli na chai ya majani yake. Kwamba ndiyo iliyowaumiza bado inabishaniwa, lakini anayetetemeka tayari hapewi kitu cha namna hiyo. Kula stafeli mojamoja msimu ukifika sina neno. Kikombe cha kila siku miezi na miezi ndicho ninachokikataa.

Ginkgo nayo weka pembeni. Marekani waliwapa wazee mg 120 mara mbili kwa siku, utafiti wa watu 3,069 uliotoka 2008, na demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) haikupungua. Ukichanganya na aspirini unaongeza hatari ya kuvuja damu.

Mti_Dawa
Mnaponda mimea wakati dawa zenu zimetoka hukohuko. Galantamini, dawa ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, si imetoka kwenye ua?

Mfamasia_Majengo
Ni ua kweli, jamii ya Galanthus, na Marekani iliidhinishwa 2001. Ila huanzwa kwa mg 4 mara mbili kwa siku, haipandishwi kabla ya wiki nne, na mapigo ya moyo yanaangaliwa kwa sababu inaweza kuyapunguza. Na hata hiyo haizuii ugonjwa, inapunguza makali ya dalili kwa muda. Muuza unga hajui kijiko chake kina mg ngapi.

Daktari_wa_Zamu
Hapo ndipo upupu unapoleta shida. Mbegu zake zina levodopa, dawa yenyewe ya Parkinson, mara nyingi asilimia 4 hadi 6. Kijiko kikubwa cha gramu 10 kinabeba mg 400 hadi 600, na ukikaanga au kuchemsha inapungua, kwa hiyo unga wa wiki hii si sawa na wa wiki ijayo. Kidonge cha kawaida cha hospitali kina levodopa mg 100 pamoja na karbidopa mg 25. Karbidopa inazuia levodopa isigeuzwe kabla ya kufika kichwani. Upupu hauna karbidopa, kwa hiyo sehemu kubwa inaishia njiani na kuleta kichefuchefu, kutapika na presha kushuka akisimama. Kwenye jaribio la matumizi ya kila siku Bolivia, wagonjwa 7 kati ya 14 waliacha: wengine tumbo, wengine mwili ulizidi kukaza.

Mpime hivi: alale dakika tano, pima presha. Asimame, pima tena dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini 10, ataanguka siku moja bafuni.

Swali la muhimu kuliko yote hayo: kuna kingine anachotumia kutoka duka la dawa?

Kibosho_Juu
Sinarizini ya kizunguzungu, tangu mwaka jana. Akitapika anapewa metoklopramidi. Usiku Piriton, ile ya mzio na mafua, apate usingizi.

Daktari_wa_Zamu
Ungeanza na hiyo, mkuu. Sinarizini na metoklopramidi zote mbili zinaweza kuleta mtetemeko na mwendo huohuo wa Parkinson. Piriton inavuruga kumbukumbu ya mzee. Huenda anapewa dawa ya kutibu madhara ya dawa. Tia vyote kwenye mfuko mmoja, maboksi na unga, mpeleke hospitali ya KCMC au Mawenzi. Omba wamwangalie B12, tezi ya shingo, sukari, VVU na kaswende, maana vyote hivyo huvuruga akili na vina tiba. Ikiwa ni dawa, usitegemee nafuu ya wiki moja. Huchukua miezi. Amlodipini asiiache mwenyewe.

Shangazi_wa_Njiro
Na manjano, jamani? Au nayo mmeifukuza?

Mfamasia_Majengo
Hiyo abaki nayo dada, kama kiungo. Kijiko cha chai ni gramu 3 hivi, na kurkumini, kile kiini chake kinachosifiwa, ni kama asilimia 3 ya unga, yaani mg 90. Majaribio ya Alzheimer yalitumia gramu 1 hadi 4 za kurkumini kwa siku na hayakuonyesha faida. Kufikisha gramu 2 kwa unga wa sokoni ungemlisha karibu nusu kikombe. Vidonge vyenye pilipili manga ndani asivinunue: pilipili inaongeza kurkumini kwenye damu, lakini inaweza kuongeza na dawa nyingine anazomeza, na kuna watu ini limeharibika. Nunua vipande vizima vilivyokaushwa, usage nyumbani. Unga au vipande vyenye rangi kali mno viache hapohapo mezani, kwa sababu Bangladesh walikuta manjano iliyotiwa kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi, na madini hayo ni sumu ya ubongo.