Monstera yangu ya mabaka sasa inatoa majani meupe matupu, nikate au niache?

mpangaji_ntinda
Salaam wote humu. Niko Ntinda ghorofa ya tatu, nina monstera ile ya mabaka meupe, Albo, aliniachia jirani aliyehamia Mbarara na wakati ule ilikuwa inafika magotini, saa hii imenipita kichwa na imepanda fito niliyoizungushia kamba ya katani. Sebuleni wageni wote wanaanza kuuliza hiyo kabla ya kuuliza hali ya watu. Sasa shida. Majani matatu ya mwisho yametoka meupe pepepe, hakuna kijani hata cha dawa, na yale ya zamani upande mweupe umeanza kukauka rangi ya chai kuanzia pembeni. Iko karibu na dirisha linalotazama kaskazini. Halafu kuna vijinzi vidogo vyeusi vinaruka kila nikigusa udongo. Nimesoma mtandaoni naambiwa weka dirisha la kusini, punguza maji wakati wa baridi, sasa banange hiyo baridi ya Kampala ni mwezi gani? Jirani wa chini anasema nitoe nje balkoni ipigwe jua ipate nguvu. Mama yangu akija kutoka Arua yeye anauliza tu huu mti unazaa nini. Naombeni msaada kabla haijanifia, na nina mtoto anatambaa pia kama hilo lina maana.

kijani_daima
Toa nje kaka, mmea ni mmea, unataka jua. Pulizia maji asubuhi na jioni na yale majani yapanguse na bia iliyobaki yang'ae. Mimi nafanya hivo na croton zangu ziko fiti.

mzee_wa_kitalu
Croton na monstera si ndugu bwana kijani. Croton inakaa juani mchana kutwa na rangi ndio inazidi kukolea, hii nyingine kwao ni misitu ya kusini ya Mexico mpaka Panama, inapanda mashina ya miti mikubwa ikiwa chini ya kivuli. Ukiitoa jua la saa saba la Kampala siku moja tu ule upande mweupe unaungua na hauponi. Na bia waachie wanywaji, sukari yake kwenye jani inaita sisimizi na ukungu. Kitambaa chenye maji matupu kinatosha, kipindi hiki cha vumbi pangusa kila wiki.

Sasa nije kwa mwenye swali. Mimi niko njia ya Entebbe, nauza miche, na hizi Albo nimezikata nyingi. Elewa kwanza huo weupe ni nini. Pale palipo peupe jani halina klorofili, ile kijani yenyewe, kwa hiyo halitengenezi chakula, ni mtu anayekula bila kwenda kulima. Jani la mabaka lina nusu inayolima na nusu inayokula, mambo yanaenda. Jani jeupe lote linakula tu, linatunzwa na yale ya chini, na baada ya muda linakauka hata ungeliombea dua. Ukipata moja unaweza kulivumilia, lakini matatu yamefuatana, ssebo, huo si usumbufu wa jani, ni shina lenyewe juu huko limeshageuka jeupe. Hakuna mwanga wala mbolea itakayolirudisha.

Kata. Shuka na shina kuanzia juu ukiangalia rangi ya shina lenyewe, sio majani. Utaona mstari mweupe na mstari wa kijani vinashuka pamoja. Kwenye kila kifundo kuna jicho, kama la muwa, na kinachoamua tawi jipya litakuwaje ni rangi inayopita kwenye jicho hilo. Jicho likikaa kwenye weupe mtupu utapata weupe mtupu tena. Likikaa kwenye kijani kitupu utapata monstera ya kawaida, nzuri lakini sio uliyoitaka. Wewe tafuta jicho ambalo rangi zote mbili zinapita hapo, zimechanganyika, halafu kata juu yake kidogo, upana wa kidole kimoja hivi. Kisu kipanguse na spiriti kwanza. Vaa glavu, utomvu wake unawasha. Usikate ukabakiza shina tupu, bakiza majani yenye kijani ya kulisha mmea wakati jicho linaamka, na likichelewa wiki kadhaa usianze kuchimba kuangalia.

mwalimu_jinja
Mzee kasema vizuri, mimi naongezea la dirisha kwa sababu hapo ndipo wengi tunapotezwa. Maelezo ya mtandaoni mengi yameandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, kwao jua liko kusini mwaka mzima, ndio maana wanalilia dirisha la kusini. Kampala iko karibu kabisa na ikweta, kaskazini yake kidogo tu. Kwetu kuanzia mwisho wa mwezi wa tatu mpaka karibu mwisho wa mwezi wa tisa jua la mchana linapita upande wa kaskazini, halafu miezi iliyobaki linapita kusini. Kwa hiyo hilo dirisha lako la kaskazini mwezi wa sita lilikuwa linapata jua lenyewe, na saa hii Januari linapata mwanga wa anga tu, yaani mmea haujasogea lakini mwanga umehama. Angalia sakafuni saa sita mchana utaona. Kama kuna balkoni ya juu inayochomoza hapo hata mwezi wa sita ulikuwa hupati kitu.

Kwangu dirisha la mashariki ndio bora, jua la asubuhi lina upole na saa nne likishapanda mmea unabaki na mwanga tu. Magharibi weka pazia jepesi, lile jua la saa tisa kumi linachoma. Na masaa ya mchana kwetu ni kumi na mawili mwaka mzima kwa hiyo hakuna msimu wa mmea kulala, hiyo habari ya kupunguza maji wakati wa baridi isahau. Kinachobadilika hapa ni mvua na kiangazi. Kuanzia Desemba mpaka Februari hewa inakauka na vumbi linajaa, mmea uliozoea unyevu wa Novemba unashtuka.

mpangaji_ntinda
Asanteni sana aisee mwalimu hiyo ya jua kuhama sijawahi kuiwaza hata siku moja. Nimeenda kuangalia shina kweli juu limekuwa jeupe kama chaki, mstari wa kijani unaanza chini ya jani la nne hivi. Dirisha la mashariki ninalo ila ni la chumba cha kulala, mke wangu kasema tutaongea 😅

Kuhusu maji, ndoo yake ni ya plastiki ina matundu ila imewekwa ndani ya chungu kikubwa cha kauri cha urembo ambacho hakina tundu. Humwagiliwa na yeyote anayepita, mimi, dada wa nyumbani, hata wageni. Udongo ni ule mweusi wa gunia.

mzee_wa_kitalu
Haya, wale vijinzi wako tumeshawajua. Wanazaana kwenye udongo usiokauka, na huo weusi wa gunia peke yake ukishajaa maji unakuwa tope, mizizi inakosa hewa na kuoza. Mizizi ikioza mmea haunywi hata ukiwa umesimama majini, na kinachokauka kwanza ni ule upande mweupe kwa sababu ndio dhaifu. Kwa hiyo hiyo rangi ya chai usikimbilie kusema ni kiu. Inua ndoo, tazama chini ya kile chungu cha kauri, bila shaka kuna maji yananuka.

Toa, tikisa udongo, mizizi myeupe migumu acha, ile ya kahawia inayochunika ngozi ukivuta ikate. Mchanganyiko wangu: magome ya paini kutoka kwa wapasua mbao wa Ndeeba, wengi wanayachoma kwa hiyo ukiomba vizuri unapewa bure, yavunje yawe kama punje za mahindi. Makaa ya sigiri ambayo hayajawaka nayo yavunje, chekecha vumbi lake utupe. Changarawe nyepesi za volkano za Kisoro ukizipata safi sana, usipozipata kokoto ndogo zinasaidia. Hivyo vitatu viwe zaidi ya nusu, kinachobaki ndio udongo mweusi na mboji. Maganda ya kahawa yapo mengi na watu wanayapenda lakini yawe yameoza vizuri, mabichi yakianza kuoza ndani ya chungu yanapata moto na yanakula naitrojeni ya mmea.

Kumwagilia chagua mtu mmoja. Chomeka kidole, sentimita nne tano za juu zikikauka mwagia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyotoka, basi. Hakuna ratiba ya siku. Maji ya bomba sio sumu ila kama una pipa la maji ya mvua hayo ni matamu zaidi.

BintiBusia
Samahani naingilia, kuna mtu kwenye grupu la WhatsApp anauza mbegu za hii hii Albo, pakiti elfu thelathini, ni za kweli? Maana mche uliokua bei yake nimeuliza nikakata simu.

mzee_wa_kitalu
Nyabo hiyo pesa nunua samaki. Mabaka ya Albo hayarithiwi kwa mbegu hivyo, mmea mmoja una chembe za aina mbili zinazoishi pamoja, za kijani na nyeupe, na njia ya kuaminika ya kuupata ni kipande cha shina chenye jicho. Atakutumia mbegu za kitu kingine kabisa au za monstera ya kijani. Na hata kipande ukiuziwa dai picha ya jicho, wapo wanaouza jani na kikonyo chake bila kifundo, linaota mizizi kwenye glasi, unafurahi, halafu linakaa hivyo hivyo mpaka linakufa bila kutoa tawi.

Kama unaogopa huu usumbufu wa kukatakata tafuta Thai Constellation, ile yenye vidoadoa vya krimu kama nyota. Hiyo ilitoka maabara huko Thailand kwa kuoteshwa tishu, mabaka yake yametulia, haibadiliki ovyo kama Albo, na bei imeshuka sana miaka hii. Ila ukiagiza kutoka nje usifiche kwenye sanduku la nguo, Wizara ya Kilimo inataka kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea kutoka kule unakotoka.

mama_watatu_arua
Mbona hakuna aliyejibu la mtoto? Mwenzangu huyo anayetambaa ndio wa kwanza kabla ya mmea. Monstera ina vile vijisindano vya oksaleti ndani ya jani, mtoto akitafuna mdomo unawaka na kuvimba, anatoa mate anashindwa kumeza. Dieffenbachia ni vile vile na hiyo ndio imejaa kwenye maofisi. Ikitokea mfute mdomo, mpe maji au maziwa baridi, na ukiona anavimba koo au anapumua kwa shida ni kliniki moja kwa moja. Weka kizuizi. Wangu nilizungushia meza za pembeni mpaka akakua. Na mbuzi pia, kwa walio na uwanja, wakionja utawasumbua.

Na kwa mama yako wa Arua anayeuliza unazaa nini, mwambie kwao kabisa unazaa tunda, la kijani refu kama gunzi, linachukua karibu mwaka kuiva na likiwa bichi linawasha vile vile. Ndani ya nyumba usilisubiri lakini 😂

mmachame_kla
Mimi nashangaa watu wanatafuta mabaka ya Mexico na dracaena iko hapa hapa. Ile yenye mstari wa njano katikati ya jani wanayouza mahotelini ni jamaa mmoja na ile inayopandwa mipakani mwa mashamba Buganda, kwetu Kilimanjaro tunaita isale na ukimkosea mtu unampelekea jani lake kuomba msamaha. Inavumilia kona yenye giza, ukisafiri wiki mbili haikulalamikii. Paka na mbwa tu ndio wasiitafune.

mpangaji_ntinda
Mmachame hiyo nitaileta sebuleni pale monstera inapotoka maana ruhusa ya chumbani imepatikana, kwa sharti vijinzi viishe kwanza. Chungu cha kauri nimekiinua, mzee ulikuwa hapa ama? Maji yalikuwa kama ya mtaro. Mizizi iliyooza ni kidogo kuliko nilivyoogopa. Swali la mwisho, nikate leo leo na kubadilisha udongo pamoja au nitenganishe?

mzee_wa_kitalu
Tenganisha. Udongo sasa kwa sababu mizizi haingoji, kukata subiri mpaka uone imeshika, jani halilegei na udongo unakauka wenyewe. Mbolea usiweke kipindi hicho. Ule weupe wa juu ukiukata usihangaike kuupanda, utaota mizizi kwa nguvu iliyobaki halafu utakwisha. Ila hapo kati, kati ya weupe na mahali utakapokata, ukipata kifundo chenye mabaka hata kidogo hicho kiweke kwenye maji, ni mche mwingine.

mwalimu_jinja
Hicho kifundo cha kati mimi nakitaka, Jumamosi niko Kampala nakuja na boda mpaka mlangoni.

mzee_wa_kitalu
Mwalimu umechelewa, BintiBusia alishamwandikia pembeni. Ameniuliza mimi bei.