Naomba ushauri, Cape Town na mpenzi wangu
Wadau habari zenu, mimi ni dada wa Mombasa, Desemba nataka kwenda Cape Town na mpenzi wangu, naye ni mwanamke. Visa Wakenya hatuhitaji, unapewa siku 90, na kule ndoa zetu ni halali tangu 2006, lakini sheria na mtaa ni vitu viwili. Nimepata chumba mtaa wa De Waterkant hukohuko Cape Town, kitanda kimoja, sasa kidole kinatetemeka kubonyeza kulipa maana risiti inaingia kwa emaili ambayo kakangu anajua paswodi yake (ujinga wangu huo). Mliofika, usiku mnatembea kwa miguu ama ni teksi tu? Tukishikana mikono ufukweni kuna noma? Na picha za simu mnafuta kabla ya kurudi Kenya ama naogopa bure tu?