Mjadala: Je, kanuni ya viboko shuleni ifutwe, na kusuluhisha ugomvi kuingizwe kwenye ratiba?

Mtoa hoja, mwalimu wa sekondari, Tanzania Bara

Ndugu walimu, wazazi na wote mnaoguswa na malezi ya watoto wetu, kwa miaka 6 nilikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya kata, na kitabu cha adhabu kilikaa kwenye droo yangu. Naanza na kitabu hicho kwa sababu wengi wanaoitetea fimbo, na hata wengi wanaoipinga, hawajui kanuni yenyewe inasema nini. Kanuni za viboko za mwaka 1979, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 na kurekebishwa mwaka 2002, hazimruhusu kila mwalimu kutembea na fimbo kwapani. Zinaelekeza kwamba viboko visizidi 4, vitolewe kwa kosa kubwa la nidhamu au linaloivunjia shule heshima, na mchapaji awe mkuu wa shule mwenyewe au mwalimu aliyepewa ruhusa hiyo kwa maandishi; msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina mwalimu wa kike; na kila adhabu iandikwe. Muhula mmoja kitabu changu kilikuwa na adhabu 11. Walimu wa zamu walichapa zaidi ya idadi hiyo kila Jumatatu asubuhi mstarini, kwa kosa la kuchelewa peke yake, na hakuna hata moja iliyoandikwa.

Kilichonibadilisha si kanuni, ni kiti. Shule ilikuwa na upungufu wa viti, kila mwanafunzi alikuwa amekwangua herufi za jina lake nyuma ya kiti chake, na bado aliyewahi asubuhi alikalia kilicho kizima. Wavulana wawili wa kidato cha pili wakapigana. Niliwaita ofisini, nikauliza nani alianza, kila mmoja akamtaja mwenzake, nikawachapa viboko vinne vinne kama inavyoelekezwa, nikaandika, nikawarudisha darasani. Shughuli nzima haikufika dakika 5. Jioni yule mdogo akamvizia mwenzake njiani akampiga jiwe karibu kabisa na jicho. Nilipomuuliza kesho yake, alinijibu kwamba alichapwa kwa kunyang'anywa kiti chake, na kwamba hakuna mtu aliyeuliza kiti kilikuwa cha nani. Alisema kweli. Sikuuliza.

Tangu siku hiyo naamini kwamba ubaya mkubwa wa kiboko hauko kwenye maumivu tu. Kiboko kinafunga shauri ambalo halijasikilizwa, na watoto waliomo ndani ya shauri hilo wanaondoka nalo hadi njiani, bwenini au mtaani. Tena sisi wenyewe, kupitia somo la Uraia, kwa miaka mingi tumewafundisha stadi za maisha na mbinu za kutatua matatizo ya kijamii, wakazikariri na kuzijibia mtihani, kisha walipogombana tukawaonyesha kwa vitendo kwamba mwenye nguvu ndiye anayemaliza ugomvi.

Sirudii kwa kirefu yale yanayojulikana: video ya Oktoba 2016 kutoka Mbeya, ambamo walimu waliokuwa mafunzoni walimshambulia mwanafunzi ofisini, na kifo cha mwanafunzi wa miaka 13 mjini Bukoba mwezi Agosti 2018 baada ya kupigwa shuleni. Watetezi wa fimbo husema hayo ni matumizi mabaya na wala si fimbo yenyewe. Nawajibu kwamba kanuni yenye masharti mengi kiasi hicho, ambayo karibu kila shule niliyopita inaivunja kila asubuhi, imeshindwa kumlinda mtoto, na kuiongezea masharti mengine hakutasaidia.

Napendekeza mambo mawili yaende pamoja: kanuni ifutwe, na kila shule iwe na kipindi kimoja kwa wiki, cha dakika 40, cha kufundisha na kutekeleza usuluhishi. Waliogombana watenganishwe kwanza hadi hasira ipungue. Kisha kila mmoja aeleze bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia hadi msemaji akubali kwamba ameeleweka. Ndipo waulizwe nani ameumia, amepoteza nini, na kitarudishwaje. Wanachokubaliana kiandikwe, wakitie saini, na mwalimu akifuatilie baada ya wiki moja. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo tunayoisahau mara nyingi, na ndiyo inayomwonyesha mtoto kwamba neno lake lilichukuliwa kwa uzito.

Mzazi, Kahama

Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa makini na sikubaliani nawe, ingawa habari ya kiti imenigusa. Binti yangu yuko darasa la tano lenye watoto zaidi ya 90, na mwalimu ni mmoja. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoleta elimu bila malipo, watoto wamejaa madarasani, jambo ambalo ni heri, lakini walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Mwalimu akikaa na wawili kwa nusu saa, hao wengine wanakaa na nani?

La pili ni zito zaidi kwangu. Kuna mvulana aliyekuwa akimnyang'anya binti yangu hela ya uji. Aliitwa akazungumzishwa mara tatu, akaahidi mara tatu, na binti yangu akaendelea kushinda na njaa. Siku alipochapwa aliacha. Huenda aliacha kwa kuogopa na wala si kwa kuelewa, lakini mimi niliyekuwa nikimfariji mtoto jioni sikuwa na muda wa kusubiri aelewe. Mnapozungumzia haki za mtoto, naomba mumkumbuke na huyu aliyeonewa, maana katika mijadala hii anatajwa mara moja tu, tena mwanzoni.

Mwalimu wa Kilifi, Kenya

Naomba niongeze ya kwetu, kwa kuwa sisi tulipiga marufuku viboko mwaka 2001, na mwaka 2013 Sheria ya Elimu ya Msingi ikafanya kumdhulumu mwanafunzi kimwili au kiakili kuwa kosa lenye adhabu. Kila mabweni yanapochomwa, kama ilivyotokea katika shule zaidi ya 100 mwaka 2016, sauti husikika kwamba kiboko kirudi. Mwaka 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, George Magoha, alilisema hilo hadharani. Wanaosema hivyo wanasahau Nyeri. Mwaka 1999 wanafunzi wa shule moja ya wavulana huko waliwateketeza viranja wanne wakiwa wamelala chumbani mwao. Wanasahau pia shule ya mchanganyiko ya St Kizito, Meru, mwaka 1991, ambapo wasichana 19 walikufa usiku ambao wavulana walivamia bweni lao, baada ya wasichana hao kukataa kujiunga na mgomo. Wakati huo kiboko kilikuwa halali na kilitumika sana, lakini hakikuwalinda.

Hata hivyo, Mwalimu, usidhani kwamba kufuta kanuni kunatosha. Kwetu marufuku ilikuja kabla walimu hawajaandaliwa. Wako walioendelea kuchapa mlango ukiwa umefungwa, na wengi wakageukia kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa wiki mbili, adhabu ambayo humwangukia zaidi mtoto wa maskini anayekaa mbali na asiye na wa kumsomesha huko. Ushauri nasaha ulikabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vyake vyote. Mimi ni mmoja wao, na wanafunzi wanaonihitaji hunikuta nikikimbilia darasa jingine.

Mtoa hoja

Marahaba, mzazi mwenzangu, na nakushukuru. Umenisahihisha. Nilieleza usuluhishi kana kwamba wanaogombana huwa sawa sikuzote, kumbe mnyang'anyi na aliyenyang'anywa hawawezi kuketishwa kama ndugu wawili waliokosana. Hapo ulinzi wa aliyeonewa unatangulia: mvulana yule angepaswa kuondolewa karibu na binti yako wakati wa mapumziko siku hiyohiyo, mzazi wake akaitwa, hela ikarudishwa yote mbele ya mwalimu, na ahadi yake ikafuatiliwa kila siku. Aliahidi mara tatu kwa sababu hakuna aliyefuatilia ahadi ya kwanza, na huko hatukuiti kurekebisha kwa upendo, ni kumwacha mtoto wako peke yake. Nidhamu chanya, yaani kumrekebisha mtoto bila fimbo, isiyo na gharama kwa mkosaji siitetei.

Kuhusu watoto 90, sina jibu jepesi. Nimejaribu kuwafundisha wanafunzi wakubwa kusikiliza ugomvi mdogo wa wenzao, wa daftari, zamu ya usafi na maneno ya kejeli, na kwa hayo wanaweza. Kwa unyang'anyi, kipigo na udhalilishaji hawapaswi kuachiwa hata kidogo. Kwa hiyo mwalimu bado anahitajika, na muda wake unahitajika.

Ndugu yangu wa Kilifi, kwa maelezo yako nabadilisha pendekezo langu. Huku kwetu shule zimeelekezwa kuwa na dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, na katika shule ninayofundisha sasa walimu wawili wa dawati hilo wana vipindi sawa na sisi wengine. Waraka utakaofuta viboko uandike pia, kwa tarakimu, ni vipindi vingapi walimu hao watapunguziwa kwa wiki na nani atavibeba. Naanza na ombi la vipindi 6 kwa kila mmoja. Wakuu wa shule mnaosoma hapa, tuambieni kama ratiba zenu zinaweza kuvimudu, na kama haziwezi, ni walimu wangapi mnaopungukiwa.