Naomba ushauri: Nifundisheje namna wakomunisti walivyoitwaa Ulaya Mashariki?

Wakuu, heshima yenu. Nafundisha historia sekondari na nimekwama kwenye kipindi cha baada ya 1945. Darasa zima lina jibu moja: Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti la Stalin, liliingia, likakaa, basi. Kwa Poland nalikubali kwa kiasi kikubwa. Lakini Czechoslovakia? Huko majeshi ya Kisovieti yaliondoka mwishoni mwa 1945, na katika uchaguzi wa 1946 wakomunisti walipata takriban asilimia 38, kura za kweli kabisa. Februari 1948 ndipo Gottwald, kiongozi wa wakomunisti, alipoitwaa nchi, polisi wakiwa tayari chini ya chama chake, na mawaziri kadhaa wa vyama vingine wamejiuzulu wakitumaini Rais Beneš atawakingia kifua. Hakufanya hivyo.

Hungary nayo inanisumbua. Mwaka 1945 chama cha wakulima wadogo kilishinda kwa asilimia 57, wakomunisti 17 tu, na bado Rákosi, kiongozi wa wakomunisti hao, aliwamega wapinzani kipande kwa kipande, kama mtu anayekata soseji. Vifaru vya Kisovieti vilikuwepo, ndiyo, ila wizara ya mambo ya ndani ilikuwa mikononi mwa wakomunisti. Naona uzito uko hapo.

Walimu wenzangu, nichimbe nchi moja kwa kina au nizilinganishe? Na Yugoslavia ya Tito, mkomunisti aliyekosana na Stalin 1948, niiingize lini bila kuwachanganya vijana?